Starevich, Fundi wa Wanasesere na Chungwa la Mtoto Mgonjwa

Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, wajukuu walikaa mkekani mbele ya televisheni, nami nikajikalia nyuma yao. Mmoja wao aliye mkubwa kidogo alikuwa amepata senema ya zamani, isiyo na rangi, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1933. Mwanzo walinung'unika. Wamezoea picha zenye rangi za kumetameta, na hii ilikuwa nyeusi na nyeupe, tena ina mikwaruzo. Kisha mbwa wa kitambaa akafumbua macho, na manung'uniko yakakatika pale pale.

Hadithi yenyewe si ndefu. Mama maskini anashona wanasesere wa kuuza, na kando yake binti yake amelala, mgonjwa. Mtoto anatamani chungwa. Mama hana pesa ya kununua chungwa. Analia huku anashona, na chozi lake linaangukia ndani ya mbwa mdogo anayemjaza pamba. Chozi lile linakuwa moyo wa mbwa. Kesho yake wanasesere wote wanachukuliwa kwenda kuuzwa. Njiani wenziwe wanatoboa sanduku na kutoroka mmoja mmoja, lakini mbwa habahatiki kutoka. Ananunuliwa na kutundikwa ndani ya motokaa kama hirizi ya bahati, na ndiyo maana ya jina la senema, Fétiche. Lakini mbwa hakusahau. Anaruka kutoka motokaani, anapata chungwa, anashika njia ya kurudi. Usiku unamkuta njiani, na usiku ule ni wa Ibilisi.

Hapo ndipo nyumba yetu iliponyamaza. Ibilisi anafanya karamu, na waalikwa wake ni takataka za mji: mifupa ya samaki na ya kuku, makaratasi yaliyochanika, majani makavu. Vyote vinainuka na kucheza ngoma. Mjukuu mdogo kabisa alikuja kujificha mapajani mwangu, akafunika uso kwa viganja, lakini vidole alikuwa amevipanua apate kuona. Nilipotaka kuzima, alikataa.

Mama yao alitoka jikoni akasimama mlangoni, akauliza kama hii ndiyo ya kuwaonyesha watoto kabla ya kulala. Swali lake lilikuwa la haki. Usiku ule sikumjibu. Nimeona nimjibu leo katika ukurasa huu, kwa kuyasimulia maisha ya mtu aliyeitengeneza senema ile, kwa sababu naamini jibu limo humo.

Jina lake ni Ladislas Starevich. Hilo ndilo jina alilojulikana nalo Ufaransa; kwao aliitwa Władysław Starewicz. Alizaliwa Moscow tarehe 8 Agosti 1882, lakini hakuwa Mrusi. Wazazi wake walikuwa Wapolandi wa nchi ya Lithuania, na wakati ule Lithuania na sehemu kubwa ya Poland zilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Mwaka 1863 watu wa huko waliinuka kumpinga mfalme huyo wakashindwa, na jamaa nyingi zikaishi kwa kujificha. Wazazi wa Starevich walikuwa miongoni mwao. Basi mtoto huyu alizaliwa ugenini, katika nchi ya watu waliowashinda wazee wake.

Mama yake alifariki angali mdogo. Alipelekwa kwa bibi yake mjini Kaunas, Lithuania, na huko ndiko alikolelewa. Wasomaji wengi wa pwani wanajua maana ya kulelewa na bibi. Ni kupata mapenzi mengi na hadithi nyingi, na pia ni kujua mapema kuwa yupo mtu aliyekuwa wako na hayupo tena.

Masomo hayakumshika sana. Kilichomshika ni mkono wake mwenyewe. Alichora, alitengeneza picha za kadi za posta, alichorea magazeti ya hapo mjini. Na alipenda wadudu. Vipepeo, panzi, kereng'ende, mbawakawa: aliwakusanya, aliwatazama, aliwajua viungo vyao kama seremala anavyoijua misumari yake. Mapenzi hayo yalimfikisha kwenye jumba la makumbusho ya viumbe na mimea mjini Kaunas, akawa mkuu wake, na pale alianza kutengeneza senema fupi za kuonyesha maisha ya viumbe.

Mwaka 1910 alitaka kupiga picha ya mbawakawa wawili wakipigana. Hawa ni mbawakawa wa Ulaya wenye mataya makubwa yaliyochomoza kama pembe za paa, na madume hupigana kwa mataya hayo kwa ajili ya majike. Lakini ni viumbe wa usiku. Kila Starevich alipowasha taa kali za kupigia picha, mashujaa wake walijikunyata, wasitikisike. Alijaribu tena na tena bila mafanikio.

Mtu mwingine angaliacha. Yeye alikumbuka senema fupi ya Mfaransa Émile Cohl aliyopata kuiona, ambamo njiti za kiberiti zilikwenda zenyewe. Akachukua mbawakawa waliokufa, akawatoa miguu, akawatia miguu ya waya iliyoshikizwa mwilini kwa lakiri, ile ile ya kufungia barua za serikali. Kisha akamsimamisha mdudu mmoja mbele ya kamera akapiga picha moja. Akausogeza mguu kidogo kama unene wa ukucha, akapiga picha ya pili. Akausogeza tena, akapiga ya tatu. Zilipopitishwa upesi upesi mbele ya taa, wafu wale walipigana.

Hii ndiyo kazi yenyewe, na haina siri nyingine zaidi ya hiyo. Katika senema yenye sauti, picha 24 hupita mbele ya macho kwa kila nukta moja ya saa. Dakika moja ni picha 1,440. Msomaji achukue kalamu afanye hesabu mwenyewe ya senema ya nusu saa: ni picha 43,200, na fundi anavisogeza vinyago vyake hatua kwa hatua mpaka zote zipatikane. Akikosea mkono mmoja mahali pamoja, huanza upya. Wahenga waliposema subira huvuta heri, hawakuwa wameona kazi hii, lakini wangaliiona wangaliitaja.

Najua wapo wasomaji watakaosita hapa. Maalimu wana maneno yao juu ya kutengeneza sura za viumbe, na kila mtu ana mwalimu wake wa kumuuliza. Nitakalolisema ni hili tu, kwamba Starevich hakumtia mdudu roho. Roho ina Mwenyewe. Alichokifanya ni kulihadaa jicho, na mbawakawa wake baada ya kazi walirudi kuwa waya na lakiri juu ya meza. Kwa hakika watazamaji ndio waliokuwa wepesi wa kuamini. Senema yake ya mwaka 1912 juu ya mbawakawa mzuri aitwaye Lukanida ilipoonyeshwa katika nchi za nje, wako waliosadiki kuwa ni wadudu hai waliofundishwa, wakastaajabia werevu wa mwalimu wao.

Mwaka 1911 alikuwa amehamia Moscow, kwa tajiri wa senema aitwaye Aleksandr Khanzhonkov. Hapo alitengeneza hadithi ya panzi mvivu aliyecheza kiangazi chote na chungu aliyeweka akiba, na kwa kazi hiyo mfalme wa Urusi akamtunukia nishani. Fikiri jambo hili. Mtoto wa watu waliojificha kwa hofu ya mfalme, leo anapewa tuzo na mfalme, na kilichompatia ni mdudu aliyekufa.

Mwaka 1912 alitoa nyingine ya wadudu, yenye ukali zaidi. Bwana Mbawakawa anamwacha mkewe nyumbani anakwenda mjini kwa mcheza ngoma, ambaye ni kereng'ende. Panzi mwenye kamera, aliyenyang'anywa kereng'ende huyo, anawafuata kimya kimya na kuwapiga picha. Nyumbani nako bibi hakukaa bure. Mwishowe bwana anampeleka mkewe senema, na kinachoonyeshwa ukutani, mbele ya watu wote, ni aibu yake mwenyewe. Ni kisa cha mitaa yote ya dunia. Lakini hakuna aliyeweza kukasirika kuwa ametajwa, kwa sababu waliotajwa ni wadudu. Hiyo ni hila kongwe ya wasimulizi, na sisi tuliosikia visa vya Sungura na Fisi hatuhitaji kuelezwa.

Starevich alitengeneza pia senema nyingi za watu. Kisha vikaja Vita Vikuu vya mwaka 1914, na baada yake mapinduzi ya mwaka 1917. Watu wengi wa senema walikimbilia kusini, katika mji wa Yalta kwenye rasi ya Crimea, naye alikuwa pamoja nao. Jeshi Jekundu lilipokaribia Crimea, alichukua jamaa yake wakavuka bahari, wakapita Italia, wakafika Ufaransa. Alikuwa na umri wa karibu miaka 40. Nishani ya mfalme haikuwa na thamani tena, kwa kuwa mfalme mwenyewe hakuwapo. Wala hakurudi tena Urusi kuishi.

Nimewajua watu waliohama, na nimeona kuwa mhamaji huchukua kitu kisichochukuliwa na forodha. Mmoja huchukua upishi, mwingine utenzi aliouhifadhi. Starevich alichukua vidole vyake. Alibadilisha jina lake kidogo ili Wafaransa wapate kulitamka, akaanza upya. Mwaka 1924 alikaa katika mji wa Fontenay-sous-Bois, kando ya Paris, na nyumba ile ikawa maskani yake na karakana yake hadi kufa. Mkewe Anna alishona nguo za wanasesere. Binti yake mkubwa Irène, aliyezaliwa mwaka 1907, akawa mwenziwe wa kutunga na kutengeneza, bega kwa bega. Binti mdogo alionekana ndani ya senema kwa jina la Nina Star. Kazi ya dunia nzima ikafanywa ndani ya nyumba moja na watu wanaokula sinia moja.

Mojawapo ya kazi zake za kwanza huko, ya mwaka 1922, ilikuwa kisa cha kale cha vyura walioomba mfalme. Wanapewa gogo, wanalidharau kwa kuwa halitendi lolote. Wanaomba mwingine, wanapewa ndege mwenye mdomo mrefu, naye anawala. Kisa hiki kipo tangu enzi za Wagiriki, lakini kikisimuliwa na mtu aliyeukimbia utawala wa mfalme ulioanguka na utawala mpya uliokuja, kinapata ladha nyingine. Mwaka 1923 alitoa kisa cha msichana na ndege mwimbaji aliyenaswa kisha akaachiwa huru, kilichotiwa rangi kwa mkono, nacho kikampatia medali Marekani mwaka 1925.

Ndoto yake kubwa ilikuwa senema ndefu ya visa vya mbweha Renard, mjanja wa hadithi za kale za Ufaransa, ambaye huwadanganya wanyama wote hadi simba mfalme wao. Aliipanga kwa miaka mingi, akaipiga picha kwa muda wa miezi 18 mnamo 1929 na 1930, pamoja na Irène. Aliunda wanasesere kwa makumi, nyuso zao za ngozi laini ili zikunjike kwa hasira na kulegea kwa huzuni. Ilipokwisha, dunia ya senema ilikuwa imebadilika. Sauti ilikuwa imeingia. Mtambo wa kutia sauti uliochaguliwa haukufaa, na kazi ya miaka mingi ikakaa kabatini.

Fedha za kuitia sauti hatimaye zilitoka mahali pasipotazamiwa, Ujerumani, nchi iliyokuwa mikononi mwa Hitler. Senema ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin, kwa Kijerumani, mwezi Aprili 1937. Miezi minane baadaye Walt Disney wa Marekani alitoa senema yake ndefu ya kwanza, ile ya binti mweupe kama theluji na vijeba saba, nayo ikavuma dunia nzima. Kazi ya Starevich haikupata nafasi hiyo. Wafaransa waliipata kwa lugha yao mwaka 1941 tu, nchi yao ikiwa imetekwa na Wajerumani. Sitaki kulifunika jambo hili la Berlin. Fundi huyu hakuwa na serikali, hakuwa na benki, na aliyemnyoshea mkono ni mtu ambaye mkono wake haukuwa safi. Wapo watakaomlaumu, na lawama hiyo ina haki yake kusikilizwa.

Ilikuwa katikati ya miaka hiyo ya kungoja, Renard akiwa kabatini, ndipo alipotengeneza Fétiche, mbwa wa chozi. Watu walimpenda mbwa huyo hata akamtengenezea senema nyingine kadhaa hadi mwaka 1937. Kisha kwa karibu miaka kumi, vita vikiwa vimetanda, hakutengeneza. Baada ya vita alirudi kwenye meza yake, na mwaka 1950 senema yake moja ikapata tuzo ya kwanza katika tamasha la senema za watoto mjini Venice. Alikuwa sasa mzee, na hakukoma. Tarehe 26 Februari 1965 alifariki katika nyumba ile ile ya Fontenay-sous-Bois, akiwa na miaka 82. Mezani palikuwa na kazi mpya juu ya mbwa na paka. Haikumalizika.

Marehemu hakuacha mali, wala jina lake halikuwa midomoni mwa watu kama la Disney. Lakini mafundi wanamjua. Mwaka 2001, Terry Gilliam, mtengenezaji senema mzaliwa wa Marekani, alipotaja senema kumi anazoziona bora katika historia ya kazi hii, Fétiche ilikuwamo. Na kila mtoto wa leo anayetazama senema ya wanasesere yenye mifupa inayoimba, au mama wa uongo mwenye macho ya vifungo, anapita katika njia ambayo Starevich aliifyeka kwa waya na lakiri.

Sasa nirudi kwa mama yao wajukuu, ambaye bado amesimama mlangoni akingoja jibu.

Mwanangu, ni kweli senema ile ina giza. Lakini kumbuka sisi tulilishwa nini. Bibi zetu walizima taa ndipo wakaanza kusimulia. Walitupa zimwi aliyemtia msichana ndani ya ngoma, akamzungusha mji hadi mji akimwimbisha. Tulitetemeka chini ya shuka, na kesho yake magharibi ilipokwisha tulikuwa wa kwanza kukaa mkekani. Hawakufanya hivyo kwa ukatili. Walijua kuwa mtoto atakutana na giza tu, apende asipende. Atafiwa, ataugua, atamwona mama yake akikosa pesa ya chungwa. Basi walimpitisha gizani kwanza kwa hadithi, wakiwa wamemshika mkono, ili siku atakapopita peke yake awe anaijua njia.

Starevich alifiwa na mama akiwa mdogo, akapoteza nchi, akangoja miaka kazi yake ione mwanga. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwaambia watoto kuwa dunia ni sukari tupu. Ibilisi yumo katika senema yake kwa sababu yumo duniani. Lakini tazama alichompa yule mbwa mdogo wa kupambana naye. Hakumpa upanga wala uchawi. Moyo wa mbwa ni chozi la mama, na safari yake yote, gizani na katikati ya mifupa ile, ni kupeleka chungwa kwa mgonjwa. Kutazama mgonjwa ni jambo tulilofundishwa sote tangu chuoni. Sikutarajia kulikumbushwa na mbwa wa pamba kutoka Ufaransa.

Sharti langu ni moja tu. Asiachwe mtoto kutazama peke yake. Giza la hadithi linafaa pakiwapo paja la kujificha. Bibi zetu hawakusimulia kisha wakaondoka. Walikaa hadi zimwi aliposhindwa, na mara nyingi hadi usingizi ulipotuchukua. Senema haina paja. Paja ni letu sisi, na tukilinyima tusiilaumu senema.

Asubuhi yake mdogo yule aliniamkia, akaniuliza swali lake kabla hata ya chai. Hakuuliza habari za Ibilisi, wala za mifupa iliyocheza. Alitaka kujua kama yule mtoto alilipata chungwa lake, maana mwisho wa senema alikuwa amekwisha sinzia. Nikamwambia alilipata.